Ripoti ya MRI inasema "sisti ya Tarlov, haina umuhimu": rufaa iandikweje isirudishwe?

Tabibu_Pwani

Wakuu, salamu. Nahitaji msaada wa kitaalamu, pole nimeshapewa za kutosha.

Mgonjwa ni mama wa miaka 41. Maumivu yako chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya kifandugu, zaidi upande wa kulia. Akikaa dakika 15 yanapanda, akisimama foleni yanapanda, akikohoa yanachoma nyuma ya paja mpaka unyayoni. Akilala ubavu, nusu saa haiishi yametulia. Miezi minane sasa mkojo unachelewa kuanza na akimaliza anahisi bado upo. Hana homa, hajakonda, hana kibiongo. MRI ya kiuno imesomwa hivi: diski ya L4/L5 imevimba kidogo bila kubana neva, sisti ya Tarlov ya S2 kulia, milimita 22, "imeonekana kwa bahati tu, haina umuhimu." (Kwa wasio wa fani: sisti ya Tarlov ni mfuko wa majimaji kwenye mzizi wa neva; L ni pingili na neva za kiuno, S ni za sakramu, mfupa ulio kati ya kiuno na kifandugu.)

Ameshapewa rufaa mara mbili. Zote mbili amerudi na diklofenaki, mkanda wa kiuno na ushauri wa kupunguza uzito. Ya pili aliongezewa kwamba ana mawazo.

Sitaki kumtuma mara ya tatu na karatasi ileile. Rufaa iandikweje bingwa aisome hadi mwisho? Picha ile inatosha? Na akishafika, ni sindano au kisu?

Residenti_Neva

Tabibu, kwanza tumtendee haki aliyeandika "haina umuhimu." Sisti nyingi za Tarlov kweli hazisumbui mtu. Isadore Tarlov alizieleza mwaka 1938 baada ya kuzikuta kwa maiti kule Montreal, na tangu hapo wanafunzi wa udaktari wamekaririshwa kwamba ni kitu cha kuonekana tu. Kinachorukwa ni kwamba Tarlov huyohuyo, mwaka 1948, aliandika kuhusu sisti hizi kama chanzo cha sayatika (maumivu ya neva yanayoshuka mguuni) kinachoweza kuondolewa kwa upasuaji.

Kuna namba nyingine inayonukuliwa kombo. Mwaka 1994 wataalamu wa radiolojia walichapisha mapitio ya MRI 500 za watu wenye maumivu ya mgongo: asilimia 4.6 walikuwa na sisti, na asilimia 1 sisti ndiyo iliyoonekana kuwa chanzo cha dalili. Watu husema "ni asilimia 1 tu ya sisti zinazouma." Sivyo. Hiyo asilimia 1 ni ya wote 500, yaani watu 5 kati ya 23 wenye sisti. Mmoja katika kila watano si wa kufukuzwa mlangoni.

Sisti hukaa pale mzizi wa neva wa nyuma unapokutana na fundo lake, na nyuzi za neva hupita ndani yake au kwenye ukuta wake. Shingo yake ni nyembamba. Majimaji ya uti wa mgongo yanasukumwa kuingia kwa kila pigo la moyo na kila kikohozi, lakini kutoka yanatoka kwa shida. Ndiyo maana kukaa, kusimama na kukohoa kunaumiza, na kulala kunatuliza. Na kwa kuwa huku chini neva zimo ndani ya mfereji wa mfupa, hakuna nafasi ya kupanukia. Mfupa wenyewe huliwa polepole.

Rufaa inayosema "ana sisti" itarudi, hiyo hata mimi ningeirudisha. Andika sisti iko kwenye neva ipi, neva hiyo inahudumia nini, na kwamba hicho ndicho kilichoharibika. Ili uandike hivyo lazima umpime, na kipimo hakihitaji mashine:

Asimame kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, mara 10, kisha mguu wa pili. Hiyo ni S1, pamoja na rifleksi ya kisigino. Akunje vidole vya mguu dhidi ya mkono wako, hiyo inaingiza S2. Chukua kijiti kipya cha meno, gusa nyuma ya paja (S2), upande wa ndani wa tako (S3), kisha kuzunguka tundu la haja kubwa (S4 na S5), ukilinganisha kulia na kushoto na kuandika "anahisi mchomo," "anahisi butu" au "hahisi." Ukiwa hapohapo angalia kama misuli ya tundu inajikunja unapoigusa, na kwa kidole pima nguvu yake. Uwe na muuguzi wa kike chumbani, na umweleze mama kabla kwa nini unafanya hivyo. Kipimo hiki karibu kila mtu anakikwepa kwa aibu, na ndicho kinachobadilisha kesi.

Halafu muue mshukiwa wa pili. Diski ya L4/L5 ingemsumbua neva ya L5: juu ya mguu kungekuwa na ganzi na kidole gumba cha mguu kingenyanyuka kwa udhaifu. Kama gumba lina nguvu sawa pande zote, diski ile haielezi unyayo wala mkojo, na bingwa akiliona hilo kwenye karatasi hatajificha nyuma ya diski. Fanya na vipimo vya kiungo cha nyonga na sakramu, ukandamize mifupa ya nyonga pande zote mbili, uandike kama vinaamsha maumivu yaleyale au la.

Onyo kabla sijasahau: ganzi mpya eneo linalogusa tandiko la baiskeli, mkojo kugoma kabisa, haja kubwa kuvuja bila kujua, au miguu yote miwili kulegea, hapo usiandike rufaa ya kliniki. Hiyo ni gari la wagonjwa siku hiyohiyo.

FundiPicha

Naongezea upande wa mashine, maana hapa ndipo kesi nyingi zinapofia.

MRI ya kiuno ya kawaida haijatengenezwa kuangalia sakramu. Vipande vya kukata mlalo hupangwa kwenye diski tatu, L3/L4, L4/L5 na L5/S1, basi. Ile sisti ya S2 imeonekana kwenye picha za ubavuni tu, pengine ukingoni mwa picha. Aliyepima milimita 22 amepima urefu. Upana, na upande gani neva imesukumiwa, hajaona.

Kwenye fomu usiandike "MRI mgongo." Andika "MRI ya sakramu, L5 hadi ncha ya kifandugu." Omba T1 na T2 (aina mbili za picha za MRI) za ubavuni, T2 za mlalo mfululizo bila kuruka, unene wa milimita 3 au 4, na T2 za mbele zilizoinamishwa kufuata mteremko wa sakramu. Hizi za mwisho ndizo zinazoonyesha mizizi yote ya S1 hadi S4 kwenye picha moja. Ongeza STIR (picha inayozima mng'ao wa mafuta), ili mfupa wenye uvimbe au usaha usijifiche. Kama mashine ina nguvu ya sumaku ya tesla 1.5 na ina programu ya vipande vyembamba vya pande tatu, waombe. Nyuzi za neva ndani ya sisti huonekana hapo.

Dawa ya kung'arisha picha si lazima kila mara. Sisti ya Tarlov ni nyeusi kwenye T1, nyeupe kwenye T2 kama majimaji mengine ya uti wa mgongo, na haichukui dawa. Ikiwa kuna kipande kigumu ndani yake au ukuta unang'aa, basi huenda ni uvimbe wa neva au kitu kingine, na hapo dawa inahitajika. Kwetu huku usisahau kifua kikuu cha mifupa. Tabibu ameshaandika hakuna homa wala kukonda. Vizuri, liingie kwenye rufaa pia.

CT ya sakramu ni ya haraka na rahisi kupata, nayo inaonyesha mfupa ulioliwa. Mfupa ulioliwa ni ushahidi kwamba sisti imekuwa na presha kwa muda mrefu. Ukiona tundu la S2 kulia ni pana mara mbili ya kushoto, ripoti ya "haina umuhimu" inaanza kuyumba.

Jambo la mwisho: mgonjwa adai CD au flashi yenye picha zenyewe za DICOM (faili halisi za mashine). Filamu kubwa ya kushika dirishani bingwa wa mbali hawezi kuifanyia chochote, na picha za WhatsApp zilizopigwa kwenye skrini ni mbaya zaidi. Fungua CD kwenye kompyuta nyingine kabla hajaondoka kituoni. CD tupu ni nyingi kuliko mnavyodhani.

Tabibu_Pwani

Nimerudi na majibu. Gumba linanyanyuka vizuri pande zote. Ncha za vidole: kushoto 10, kulia 6 kisha anachoka. Mchomo butu nyuma ya paja la kulia na ndani ya tako la kulia; kuzunguka tundu anahisi vizuri. Misuli inajikunja. Nimempima kwa ultrasaundi mara baada ya kukojoa: mililita 160 zimebaki. Dawa anazotumia: diklofenaki vidonge, tramado akizidiwa, na amitriptilini miligramu 25 usiku tangu rufaa ya pili.

Mfamasia_K

Simameni hapo kwenye amitriptilini.

Ni dawa nzuri ya maumivu ya neva, lakini inalegeza misuli ya kibofu na kubana mlango wake. Mgonjwa mwenye neva za S2 zilizobanwa ukampa amitriptilini, mkojo unaobaki unaongezeka, halafu hakuna anayejua kama ni sisti au ni kidonge. Mililita 50 kushuka ni kawaida, 100 kwenda juu ni ya kutiliwa shaka, 200 ni kubaki kwa mkojo kusiko na ubishi. Yeye yuko katikati, na bingwa mjanja atasema "ni dawa tu." Kweli alisema mkojo ulianza kusumbua miezi minane iliyopita, kwa hiyo andika tarehe dawa ilipoanza. Shusha hadi miligramu 10 kwa wiki moja, acha, kisha rudia kipimo cha ultrasaundi baada ya wiki mbili, mara mbili kwa siku tofauti. Zikibaki 150 bila dawa, una ushahidi safi. Pima na mkojo wenyewe, maana maambukizi ya njia ya mkojo nayo yanaleta haya.

Mbadala ni gabapentini: miligramu 300 usiku kwa siku tatu, kisha asubuhi na usiku kwa siku tatu, kisha mara tatu kwa siku. Kreatinini (kipimo cha figo) kwanza, kwa kuwa anakunywa diklofenaki muda mrefu na gabapentini hutolewa na figo. Aongezewe pole, asikatishwe ghafla. Wiki ya kwanza kizunguzungu kipo, na akichanganya na tramado usingizi unazidi, kwa hiyo bodaboda asipande peke yake. Diklofenaki yenyewe haina kazi kubwa kwenye maumivu ya neva. Inamla tumbo na figo bure.

Tramado pia inafunga choo, na kujikamua chooni ni sawa na kukohoa kwa dakika tano, sisti inajazwa. Laktulosi mililita 15 asubuhi na jioni kama hawezi kuacha tramado.

Fizio_Tanga

Ule mkanda wa kiuno mvueni. Ukikaza tumbo presha inapanda, na presha ndiyo adui hapa. Hali kadhalika mazoezi ya kuinua kiwiliwili na kubeba vyuma. Kuvutwa mgongo kwa mashine, hapana kabisa. Mto wa kukalia uliokatwa sehemu ya nyuma, kifandugu kielee hewani. Alale chali na mto chini ya magoti kila baada ya dakika 20 za kazi ya kukaa. Haitibu, ila inamfikisha kliniki akiwa na akili timamu ya kujieleza.

Nesi_wa_Tiyeta

Kuhusu swali la sindano au kisu, kwa nini tusianze na sindano? Wanaingiza kwa CT, wanafyonza maji, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kumpasua sakramu mtu kwa sisti ya sentimita mbili naona ni kubwa mno.

Residenti_Neva

Nesi, kufyonza peke yake ni kama kukausha ndoo chini ya bomba lililo wazi. Shingo ya sisti bado ipo, maji yanarudi. Nafuu ni ya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Faida yake kubwa ni kama kipimo: akipata nafuu ya wazi kwa siku au wiki kisha maumivu yakarudi yaleyale, tunajua sisti ndiyo mkosaji.

Wanaotibu kwa sindano huongeza ndani gundi ya faibrini (protini inayogandisha damu). Majaribio ya miaka ya 1990 yalileta homa ya uti wa mgongo isiyo na vijidudu, kwa sababu gundi ilipita shingoni ikaingia kwenye majimaji. Njia ya sasa ni ya sindano mbili: moja ndani kabisa ya sisti, nyingine juu karibu na ukuta ili hewa iingie maji yanapotoka. Wanafyonza, wanasubiri. Sisti ikijaa tena papo hapo, shingo ni pana na gundi haiwekwi. Isipojaa, gundi inaingia. Kieran Murphy na wenzake walichapisha mwaka 2016 wagonjwa 213 waliotibiwa kwa gundi hii wakiongozwa na CT, na wengi walipata nafuu. Lakini hao wamefanya nyingi. Anayetaka kuijaribu kwa mara ya kwanza kwa mama huyu, mkimbie.

Kosa jingine: kudunga dawa ya ganzi ndani ya sisti "ili kupima." Sisti inawasiliana na majimaji ya uti wa mgongo, ganzi inaweza kupanda. Kipimo cha ganzi hufanywa nje ya sisti, kuzunguka mzizi wa S2 pale tunduni, kwa nusu mililita hadi moja, kwa mwongozo wa CT au eksirei.

Kisu kinafaa pale ambapo sisti ni kubwa (zinazozidi sentimita 1.5 ndizo zinazotajwa zaidi kuleta dalili), dalili zinalingana na neva, na kuna upungufu unaopimika kama huu wa mkojo na misuli. Mpasuaji hufungua mfupa wa nyuma wa sakramu, chini ya darubini, neva za mguu na za tundu la haja kubwa zikifuatiliwa kwa umeme muda wote. Sisti inatobolewa, maji yanatoka, ukuta unakunjwa na kushonwa kuzunguka nyuzi za neva, kisha mafuta au msuli wa mgonjwa unazibia nafasi pamoja na gundi. Ukuta haukatwi na kutupwa, kwa sababu una neva. Nimesoma ripoti za upasuaji zilizoandikwa "sisti imeondolewa yote" na mgonjwa akatoka na mpira wa mkojo wa kudumu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mpasuaji yeyote: unafuatilia neva za S2 hadi S4 kwa umeme wakati wa upasuaji? Jibu likiwa hapana, aulize pengine.

Mabaya yanayotokea hata kwa mikono mizuri ni majimaji kuvuja kwenye kidonda, maambukizi (kidonda kiko karibu na njia ya haja kubwa), na mkojo kuwa mbaya zaidi kwa muda. Na neva iliyobanwa miaka hairudi kwa wiki. Inaota kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo matokeo hupimwa baada ya miezi 6 hadi 12. Asiyeambiwa hili atadhani amepasuliwa bure mwezi wa pili.

Nesi_wa_Tiyeta

Nimekuelewa kwenye kufyonza. Ila bado, kama kuna mtu aliyezoea gundi, mimi ningemtuma kwake kabla ya kisu. Kisu hakirudi nyuma.

Residenti_Neva

Gundi nayo hairudi nyuma, na inamfanya mpasuaji wa baadaye akute makovu. Lakini sikatai, mwenye sisti isiyojaa haraka na asiye na udhaifu ningempeleka huko. Huyu ana mililita 160.

Karani_wa_Rufaa

Mmesahau karatasi. Kwenye fomu ya bima mkiandika "maumivu ya kiuno," yaani msimbo wa ugonjwa M54.5, inapita kama mafua. Tumieni G96.1, magonjwa ya tando za uti wa mgongo, kisha M54.5 chini yake kama mnataka. Kibofu nacho kiwekwe kama tatizo linalojitegemea.

Rufaa iwe ukurasa mmoja. Mfano kwa mgonjwa huyu:

"Mwanamke, 41. Sisti ya Tarlov S2 kulia, mm 22. Maumivu ya sakramu na nyuma ya paja la kulia, yanaongezeka akikaa dakika 15, akisimama na akikohoa. Yanatulia ndani ya dakika 30 akilala. Hisia butu S2 na S3 kulia. Ncha za vidole: kushoto 10, kulia 6. Gumba lina nguvu sawa pande zote, hakuna dalili ya L5. Mkojo uliobaki: ml 160 akiwa kwenye amitriptilini, ml... baada ya kuiacha. Hakuna homa wala kukonda. MRI ya sakramu imeambatishwa kwenye CD. Maswali: (1) Je, sisti inaeleza upungufu huu? (2) Je, anahitaji kipimo cha presha ya kibofu na umeme wa misuli ya tundu? (3) Kama upasuaji haufai, sababu iandikwe."

Hilo swali la tatu ndilo lenye meno. Bingwa anayejua kwamba lazima aandike sababu hamrudishi mtu kwa mdomo.

Ielekezwe kliniki ya upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, isiwe ya mifupa. Kwa Dar ni MOI pale Muhimbili; jina lake ni taasisi ya mifupa, lakini kliniki hiyo ya ubongo na neva imo humo. Walioko Kenya waanzie kliniki ya namna hiyo Kenyatta au Aga Khan Nairobi. Apewe miadi ya daktari wa mkojo sambamba, asisubiri moja iishe ndipo aanze nyingine.

Ikifika nje ya nchi: rufaa inayolipiwa na serikali Tanzania hupitia jopo la madaktari na kibali cha Wizara ya Afya, na jopo husoma maandishi ya bingwa, si ya mgonjwa. Anayejilipia kwenda India atume DICOM kwanza apate maoni kwa maandishi, ndipo aombe mtandaoni viza ya matibabu. Inahitaji barua ya hospitali ya kule, ni ya siku 60, na wasindikizaji wawili wanaruhusiwa kwa viza yao. Anayetokea Kenya au Uganda ahakikishe cheti cha homa ya manjano kimetimiza siku 10 tangu achanjwe. Bei aulize ikiwa na siku za ziada za kulala wodini endapo majimaji yatavuja, kwa sababu kifurushi cha bei ya chini huwa hakina hizo.

Tabibu_Pwani

Asanteni sana wakuu. Amitriptilini nimeanza kuishusha leo, MRI ya sakramu ni Alhamisi. Swali moja dogo: ana uvimbe wa kizazi pia, na gaini (daktari wa magonjwa ya kina mama) alishamwambia huenda akapasuliwa mwaka huu. Kuna la kuangalia?

Daktari_Usingizi

Lipo. Jalada lake liandikwe kwa kalamu nyekundu juu: "Sisti ya sakramu S2." Ganzi ya kawaida ya uti wa mgongo huchomwa L3/L4 au L4/L5, juu ya sisti, na kwa kawaida haina shida. Isiyotakiwa ni sindano ya kupitia tundu la sakramu, ile ya chini kabisa, maana inaweza kuingia moja kwa moja kwenye sisti. Hilo linahusu pia wale wanaodunga steroidi kwa njia hiyo kutibu "kiuno." Kabla ya ganzi yoyote, ile hisia butu ya S2 na S3 iwe imeshaandikwa na tarehe, isije baada ya upasuaji wa kizazi ikaonekana ni sindano iliyoileta.